Mchungaji Aliyeshika Sururu: Habari za Johann Friedrich Oberlin

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa mashariki, karibu na mpaka wa Ujerumani, iko safu ya milima iitwayo Vosges. Milima hiyo si mirefu kama ile ya kwetu. Kilele kilicho jirani na mahali tunapotaka kupasimulia, kiitwacho Champ du Feu, hakipiti meta 1,100. Lakini msomaji asidhani ya kuwa maisha ya huko yalikuwa mepesi. Theluji huja mapema ikachelewa kuondoka, upepo ni mkali, na udongo ni mchache juu ya mawe. Hata jina la bonde lenyewe lataja mawe: Wajerumani waliliita Steintal, yaani bonde la mawe, na Wafaransa waliliita Ban de la Roche. Katika bonde hilo alikaa mchungaji mmoja wa Kilutheri miaka 59, tangu mwaka 1767 hata kufa kwake mwaka 1826. Jina lake Johann Friedrich Oberlin.

Twataka kusimulia habari zake kwa sababu wengi wetu tu watu wa milimani. Twalima, twafuga, twapanda na kushuka njia zenye utelezi, tena twaulizana mara nyingi kama kazi hizi za jembe na za zizi zina neno lo lote na imani yetu, au kama ni mambo ya tumbo tu. Oberlin alilijibu swali hilo kwa mikono yake kuliko kwa kinywa chake.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, mwenye watoto wengi na mshahara mdogo. Kaka yake, Jeremias Jakob, akawa baadaye mwanachuoni mashuhuri wa lugha za kale. Johann Friedrich naye akasoma elimu ya Mungu katika chuo kikuu cha mji ule ule. Tarehe 1 Januari 1760, akiwa hajatimiza miaka 20, aliandika kwa mkono wake ahadi ya kujitoa kwa Mungu, roho yake na mwili wake na mali yake, akatia jina lake chini kama mtu atiavyo sahihi katika hati ya shamba. Miaka kumi baadaye, naye yuko milimani, akaithibitisha tena ahadi ile.

Alipomaliza masomo hakupewa usharika upesi. Akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya tabibu mmoja mpasuaji, na humo akajifunza mambo mengi ya dawa na ya majani. Hakujua bado ya kuwa Mungu alikuwa akimpa vyombo vya kazi ambayo hajaiona.

Mchungaji wa Waldersbach wakati ule alikuwa Johann Georg Stuber, mtu mwema sana. Huyu ndiye aliyeanza kuzitengeneza shule za bonde lile. Husimuliwa ya kuwa Stuber, alipofika mara ya kwanza, aliomba kuonyeshwa shule, akapelekwa katika kibanda kilichojaa watoto wapigao kelele. Kitandani alikuwa amelala mzee mmoja. Stuber akamwuliza awafundisha nini watoto. Mzee akajibu pasipo haya ya kuwa hawafundishi neno, maana yeye mwenyewe hajui neno. Kazi yake hapo kwanza ilikuwa kuchunga nguruwe za kijiji. Alipokuwa mzee asiweze tena kuwafuata nguruwe, wakampa watoto awachunge. Msomaji aweza kucheka, lakini na ayafikiri maana yake. Katika kijiji kile mtoto alihesabiwa chini ya nguruwe, maana nguruwe alichungwa na mtu mwenye nguvu, mtoto na mtu aliyekwisha choka.

Stuber alipoitwa mjini, hakutaka kuwaacha watu wake mikononi mwa mtu wa mshahara. Akamtafuta Oberlin huko Strasbourg, akamkuta katika chumba kidogo chini ya paa. Juu ya meza kilikuwa kimetundikwa kisufuria cha chuma, ndicho alichopikia chakula chake cha jioni. Stuber akaona ya kuwa huyu ndiye mtu wake, maana atakayekaa milimani na awe amezoea kula kidogo. Oberlin alikuwa amekwisha kubali kwenda na jeshi kama mchungaji wa askari. Akakataa kulivunja neno lake mpaka apatikane mwingine wa kuishika nafasi ile. Alipopatikana, akaenda. Ilikuwa mwaka 1767, naye alikuwa na miaka 26.

Usharika wake ulikuwa na vijiji vitano: Waldersbach, Fouday, Belmont, Bellefosse na Solbach, pamoja na nyumba nyingine zilizotawanyika mitelemkoni. Vita vya siku za nyuma vilikuwa vimeiharibu nchi, na umaskini ulikuwa umekaa humo miaka mingi. Watu walisema lugha yao ya bondeni, ambayo wageni hawakuisikia. Viazi, ambavyo ndivyo vilikuwa chakula chao kikubwa, vilikuwa vimedhoofika, kwa sababu mbegu ni ile ile mwaka hata mwaka. Miti ya matunda mazuri hawakuwa nayo. Barabara haikuwako. Mto Bruche ulipita chini ya vijiji, na mvua ikinyesha sana au theluji ikiyeyuka, watu walifungiwa kama kuku tunduni. Hawakuweza kupeleka kitu sokoni wala kuleta chombo cha kulimia.

Oberlin akatembea. Akapita kijiji kwa kijiji, akaingia nyumba kwa nyumba, akatazama mashamba, akapima njia kwa macho. Kisha akawakusanya watu, akawaambia ya kuwa yapasa kuvunja miamba, kujenga ukuta wa mawe kando ya mto ili kuushika udongo, na kutengeneza daraja karibu na Rothau, ili waifikie barabara kuu iendayo Strasbourg. Watu wakashangaa. Wakasema neno hilo haliwezekani, tena kila mtu ana kazi zake. Ndipo mchungaji akaacha maneno. Akachukua sururu begani, akaenda na mtumishi wake mahali pale, akaanza kuvunja mwamba. Mahali penye miiba na hatari akapachagua pawe pake. Watu walipoona hayo wakaona haya, wakarudi kwao kuchukua vyombo vyao. Kesho yake wakaongezeka, na siku zilizofuata wakaongezeka tena. Vyombo vilipopunguka, akaandika barua kwa rafiki zake wa Strasbourg, nao wakampelekea vyombo na fedha. Njia ikaisha, na daraja likajengwa. Watu wakaliita Daraja la Upendo.

Hatusemi ya kuwa wote walimpenda tangu mwanzo. Husimuliwa ya kuwa watu fulani walipatana kumvizia njiani siku ya Jumapili baada ya ibada, wampige. Habari zikamfikia. Siku ile akahubiri juu ya kuvumilia mabaya pasipo kulipiza kisasi, na ibada ilipokwisha akaenda mwenyewe katika nyumba walimokuwa wamekutana, akawaambia amekuja ili kuwaondolea taabu ya kumvizia. Wakatahayari, wakaomba msamaha. Hayo ni masimulizi ya watu wa bonde, nao waliyapokezana baba na mwana. Yaonyesha jinsi walivyomkumbuka.

Baada ya njia alianza habari ya miti. Na hapa twaomba wasomaji wetu, hasa walimu wa vijijini, waangalie sana alivyofanya. Hakuwahubiria wakulima juu ya miti. Alijua ya kuwa mkulima hamwamini mtu wa mjini ajapo na vitabu kumfundisha kulima. Alikuwa na mashamba mawili ya usharika kando ya njia ambayo watu walipita kila siku wakienda mashambani mwao. Akachimba mitaro mirefu, akatia udongo mzuri na samadi, akapanda miche ya matunda: mitofaa, mipea, miplamu. Akanyamaza. Watu wakapita, wakatazama. Mwaka wa kwanza wakacheka kidogo. Miche ikakua. Miaka ilipopita matunda yakaonekana, na mashamba yao ya pande zote yalikuwa matupu. Ndipo wakaja wenyewe mlangoni pake kumwuliza jinsi miti ile ilivyoota katika mawe. Naye akawaambia kwanza ni nani aoteshaye, kisha akawafundisha kutengeneza kitalu cha miche na kubebesha mti mzuri juu ya mti wa mwitu. Akawagawia miche. Baada ya muda nyumba za vijiji vile zilizungukwa na miti ya matunda. Husimuliwa tena ya kuwa alitaka kila kijana wa kipaimara aonyeshe kwanza ya kuwa amepanda miti miwili, ndipo apokewe.

Wengine watauliza: je, mti na kipaimara vyapatanaje? Sisi twaona vyapatana sana. Mtu apandaye mti wa matunda akiwa kijana apanda kwa ajili ya watu asiowajua, watakaokula yeye akiwa kaburini. Hiyo ndiyo imani na upendo kwa jirani, ikiwa imevaa majani na magome.

Viazi navyo akavitafutia mbegu mpya kutoka nchi nyingine, na viazi vya bonde lile vikasifiwa hata sokoni Strasbourg. Akaleta mbegu za kitani na za klova, majani yafaayo sana kwa ng'ombe. Maana aliona ya kuwa mkulima wa milimani hawezi kutenganisha shamba na zizi. Ng'ombe aliyekonda hatoi maziwa wala samadi. Shamba lisilo na samadi halitoi majani. Na pasipo majani ng'ombe hukonda tena. Ni duara, nalo laweza kuzunguka kuelekea uhai au kuelekea njaa. Oberlin akawafundisha kutotupa kitu. Majani yaliyoanguka, kuvumwani, matambara makuukuu, vyote vilikusanywa, vikaozeshwa, vikarudishwa udongoni. Ilionekana kwake ya kuwa Mungu hakuumba kitu cha kutupwa, na ya kuwa ni dhambi ndogo kuacha majani yaoze njiani na huku shamba la mjane lina kiu ya mbolea. Akaanzisha chama cha wakulima wa bonde, wapate kusoma pamoja na kujaribu mambo mapya pamoja, na sanduku la kukopesha fedha kwa wale waliokuwa karibu kupoteza shamba kwa deni. Vijana akawatuma kujifunza useremala, uashi na uhunzi, maana hapo kwanza hata gurudumu likivunjika iliwapasa kulipeleka mbali.

Tena kulikuwa na watoto wadogo. Wazazi walipokwenda mashambani, watoto walibaki peke yao, karibu na moto na karibu na maji. Msichana mmoja wa Belmont, Sara Banzet, alikuwa amekusanya watoto nyumbani mwao, akiwafundisha kufuma kwa sindano. Oberlin aliposikia hakumkataza. Aliona ya kuwa hapo pana kitu kikubwa. Yeye na mkewe, Madeleine Salome Witter, ambaye alimwoa mwaka 1768, wakawafundisha wanawake wengine kazi ile, wakakodi vyumba katika vijiji. Sara alikufa kijana, mwaka 1774, lakini kazi yake iliendelea. Hivyo zilianza shule za watoto wadogo katika bonde maskini la milimani, miaka mingi kabla Fröbel hajaanzisha yake katika nchi ya Ujerumani mwaka 1837.

Katika shule zile watoto walifundishwa kusikiliza hadithi za Biblia, kuimba, kufuma; tena walifundishwa kutazama. Twalirudia neno hilo: kutazama. Waalimu wanawake waliwapeleka nje, wakawaonyesha majani na maua ya mlimani, wakawataka wayataje kwa majina. Watoto wakubwa walikusanya majani porini, wakayakausha, wakayachora na kuyapaka rangi. Walijifunza lipi ni dawa na lipi ni sumu, lipi laliwa siku ya njaa. Oberlin mwenyewe alikusanya mawe, mbegu na vipande vya miti ya namna nyingi, akavitia katika masanduku, watoto wavishike kwa mikono. Walichora ramani, kwanza ya kijiji chao, kisha ya bonde lao, ndipo wakaenda nje kidogo kidogo mpaka dunia yote. Hakuanza na mito ya nchi za mbali. Alianza na kijito kipitacho nyuma ya nyumba. Mwanawe Henri Gottfried aliyashika mafundisho ya baba yake, akatoa mwaka 1806 kitabu cha elimu juu ya miamba ya Ban de la Roche na maisha na afya ya watu wake.

Mwaka 1783, mwezi wa Januari, mkewe akafa, muda mfupi baada ya kujifungua, akamwacha na watoto wengi, wengine wachanga. Huzuni yake ilikuwa kubwa, wala hakuoa tena. Aliyeishika nyumba ni msichana wa Bellefosse, Louise Scheppler, aliyekuwa ameingia humo kama mtumishi tangu alipokuwa na miaka 15 au 16. Alikuwa mmoja wa waalimu wa watoto, akapita njia za theluji kutoka kijiji hata kijiji. Baadaye alikataa mshahara, akaomba ahesabiwe kuwa binti wa nyumba. Akakaa hivyo hata mwisho. Mwaka 1829, Oberlin amekwisha kufa, Chuo cha Kifaransa huko Paris kilimpa Louise tuzo ya fedha faranga 5,000 kwa ajili ya wema wake. Naye akazitumia kwa kazi ya bonde. Alikufa mwaka 1837. Twamtaja kwa makusudi, kwa kuwa katika habari za watu wakuu wale walioshika ufagio na kijiko husahauliwa upesi, na pasipo wao mkuu hangalikuwa mkuu.

Mwaka 1789 Mapinduzi yalianza katika Ufaransa, na baada ya miaka michache ibada zikakatazwa. Serikali iliagiza watu wakusanyike katika mikutano ya wananchi. Oberlin akawakusanya watu wake, nao wakamchagua awe msemaji. Akasema nao juu ya wajibu wa mwananchi, juu ya uadilifu na kuwasaidia maskini, na kila mtu alijua maneno yale yatoka wapi. Nyumba yake ikawa kimbilio la watu waliofukuzwa. Katika mwaka 1794 alikamatwa, lakini Robespierre alipoanguka mwezi wa Julai mwaka ule ule, akaachiliwa, akarudi kwa mashamba yake na watoto wake.

Kulikuwa na jambo lingine lililolila bonde lile kama mchwa. Zaidi ya miaka 80 wanavijiji walikuwa na kesi na wenye kuimiliki misitu, juu ya haki ya kukata kuni na kulisha mifugo. Watu waishio milimani wajua ya kuwa pasipo msitu hapana moto jikoni wala boriti ya nyumba wala kivuli cha ng'ombe. Basi watu walitoa fedha kwa mawakili, baba akamrithisha mwana ile kesi badala ya shamba, na uchungu ukazidi. Lezay-Marnésia, mkuu wa jimbo, alimwomba Oberlin awashauri watu kupatana. Akawasihi muda mrefu, akiwaonyesha ya kuwa haki inayotafutwa kwa chuki huzaa deni tu. Mwaka 1813 wakapatana. Wakubwa wa vijiji wakamletea mchungaji ile kalamu iliyotiwa sahihi ya mapatano, wakamwomba aitundike chumbani mwake iwe ukumbusho. Sisi twaona kalamu ile ilikuwa ndugu ya sururu: ya kwanza ilivunja mwamba wa mlima, ya pili mwamba wa mioyo.

Katika miaka hiyo Jean-Luc Legrand, mtu wa Basel, alihamia Fouday pamoja na wanawe na kazi yao ya kufuma utepe. Vitanda vya kufumia viliwekwa nyumbani mwa watu, hata wakaweza kupata fedha wakati wa theluji pasipo kuyaacha makao yao wala mifugo yao. Maana Oberlin hakutaka watu wake wapate riziki kwa kutawanyika.

Mwaka 1815 mlima wa moto Tambora, mbali sana katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka, na majivu yake yakafunika anga hata jua la Ulaya likafifia. Mwaka 1816 haukuwa na kiangazi. Mvua na baridi ziliharibu nafaka katika nchi nyingi, na njaa ikafuata. Watu wa siku zile hawakujua sababu. Twalitaja jambo hilo ili tukumbuke ya kuwa milima ya dunia yafungamana, na ya kuwa mkulima wa bonde moja aweza kuadhibiwa na moto uliowaka upande wa pili wa bahari. Njaa ilifika Ban de la Roche pia. Lakini ilikuta watu wenye viazi, wenye barabara, wenye kujua majani ya porini, wenye desturi ya kugawana.

Mwaka 1818 Chama cha Kifalme cha Kilimo huko Paris kilimpa Oberlin nishani ya dhahabu, na mwaka uliofuata akatiwa katika Jeshi la Heshima la Ufaransa. Wageni wengi walikuja kumtazama. Wakamkuta mzee akisalimu watoto njiani na kuuliza habari za ng'ombe mgonjwa. Watu walimwita Baba Oberlin. Alikufa tarehe 1 Juni 1826, akazikwa Fouday tarehe 5, na watu wa bonde wakalifuata jeneza kwa njia ile ile aliyoivunja kwa sururu. Mwaka 1833, huko Marekani, watu walioanzisha mji mpya na chuo katika Ohio waliviita kwa jina lake. Na huko Waldersbach, nyumba ya mchungaji imefanywa kuwa nyumba ya makumbusho, na makusanyo yake ya majani na mawe yamehifadhiwa.

Basi tujifunze nini? Wako watakaosema ya kuwa hayo ni mambo ya Wazungu, ya nchi ya theluji. Lakini sisi twaona jambo jingine. Mengi aliyowafundisha Oberlin watu wake hangalihitaji kuwafundisha wazee wa Kilimanjaro. Hao walichimba mifongo ya maji kuvuka mabonde kabla mgeni ye yote hajafika, wakaishika kwa kazi ya pamoja, kila mtu na zamu yake. Walimfunga ng'ombe nyumbani, wakamletea majani kichwani, wakaichukua samadi kuipeleka migombani. Duara lile la zizi na shamba walilijua, nalo liliwalisha watu wengi katika vihamba vidogo. Hawakulisoma kitabuni, walilirithi kwa kutazama na kutenda.

Kwa hiyo hatari yetu si ile ya watu wa Ban de la Roche. Wao walikuwa hawajui. Hatari yetu ni kujua na kuona haya. Kijana asomaye hujifunza upesi kulidharau jembe la mama yake, na mwalimu naye huwa mwepesi wa kumwadhibu mtoto kwa kumpeleka shambani kulima, kana kwamba udongo ni jela. Mtoto huyo atapendaje shamba akiwa mkubwa? Msitu ukikatwa juu ya kijito, kila mtu asema ni mwenziwe aliyekata. Mfongo ukiziba, kila mtu amngoja mwenziwe aje kwanza. Oberlin angalichukua sururu.

Tena twaona ya kuwa hakuigawanya kazi ya Mungu mafungu mawili, moja la Jumapili na moja la Jumatatu. Aliamini ya kuwa mwanadamu wa kwanza aliwekwa bustanini ili ailime na kuitunza, na ya kuwa agizo lile halikufutwa. Mhubiri apitaye kando ya mteremko uliobomoka, asione kitu, amepita kando ya jirani yake. Mtu amwombeaye mgonjwa, wala hamwonyeshi mahali pa maji safi, amefanya nusu ya kazi.

Ndugu walimu wa injili, ninyi mko karibu na watu kuliko wengine wote. Mnajua njia ipi huvunjika masika, na mjane yupi hana wa kumletea majani ya ng'ombe. Hamhitaji nishani wala barua kutoka mjini ili kuanza. Panda miche kumi kando ya njia ya kanisani, uitunze, unyamaze. Watu watapita. Mwaka wa kwanza huenda watacheka. Uingoje ile siku watakapokuja wenyewe kuuliza.